Maji ya Moto Nyumbani: Jua Lipewe Nafasi Yake

FUNDI UMEME: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko kwenye maji ya kuoga. Tuchukue nyumba moja ya Arusha, watu watano, boila ya umeme ya lita 150 imekaa juu ya dari, na wenyewe wanataka kuhamia sola ya maji. Kaka, waanzie wapi?

FUNDI BOMBA: Bafuni, dada, kabla hawajafika dukani. Wachukue ndoo ya lita 10 na saa ya simu, wafungue shawa yote. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, shawa hiyo inatoa lita 15 kwa dakika. Mtu akioga dakika tano, lita 75 zimeshuka. Wakiweka kichwa cha shawa cha lita 8 kwa dakika, mtu yuleyule anatumia lita 40, na bado anaoga vizuri. Hicho ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote tutakavyovitaja leo, na watu wengi wanakiruka.

FUNDI UMEME: Na ndicho kinachoamua ukubwa wa tangi. Ngoja nipige hesabu. Lita moja ya maji ukiipandisha joto nyuzi moja inakula wati-saa 1.163, na uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Tuchukulie maji ya bomba Arusha mwezi wa Julai yana nyuzi 18. Mtu anaoga kwa maji ya nyuzi 40, lita 40. Kwenye tangi yapo ya nyuzi 55, yanachanganywa na ya baridi, kwa hiyo anachota kama lita 24 tu za moto. Ongeza vyombo vya jikoni, weka lita 30 kwa kila mtu. Watu watano, lita 150. Kuzitoa nyuzi 18 mpaka 55 ni uniti 6.5 kwa siku. Boila yenyewe inapoteza joto kupitia ukuta wake, ya ukubwa huo hupoteza kama uniti moja na nusu kwa siku hata kama hakuna aliyeoga. Jumla uniti 8. Kwa mwezi 240.

FUNDI BOMBA: Kwa LUKU je?

FUNDI UMEME: Kwa mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, tukichukua shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni zaidi ya 85,000 kwa mwezi kwa maji ya moto peke yake. Na wale wa D1, kundi la nafuu la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, boila ikiingia ndani ya nyumba wanatoka kwenye kundi hilo.

FUNDI BOMBA: Kuna wanaosema, basi tutoe boila tuweke hita ya bafuni ile ya papo kwa papo.

FUNDI UMEME: Inasaidia upande mmoja: haina tangi la kupoteza joto usiku. Lakini maji yanayopita humo bado yanapashwa na umeme wa kununua, kila tone. Halafu hita ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24. Inataka waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye breka yake, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na waya wa ardhi unaofika ardhini kweli. Mtu akiiunganisha kwenye waya wa milimita 2.5 wa soketi, waya unachemka ndani ya ukuta. Harufu ya plastiki inaweza kusikika kabla ya moto wenyewe, na watu wanadhani ni hita mpya inajizoesha. Ukisikia harufu hiyo, zima breka siku hiyohiyo.

FUNDI BOMBA: Sawa, twende juu ya paa. Kwa nyumba hii ningeweka tangi la lita 200 na paneli bapa za mita za mraba tatu hivi. Kanuni ya kukumbuka: mita moja ya mraba kwa kila lita 60 mpaka 75. Muuzaji akikupa tangi la lita 300 na paneli moja ya mita mbili kwa sababu tangi kubwa linaonekana ndiyo thamani ya pesa, utapata maji mengi ya vuguvugu, na kila jioni utawasha umeme.

FUNDI UMEME: Paneli bapa au mirija ya kioo?

FUNDI BOMBA: Mirija inashika joto vizuri siku ya baridi na mawingu, kwa hiyo kwa Njombe au Mbeya ina faida. Lakini ile mirija ya bei nafuu, maji yanaingia ndani ya kioo chenyewe na kuzuiwa na mpira wa silikoni tu. Haitaki presha. Lazima ilishwe kwa maji ya kushuka kutoka simtanki iliyo juu yake kidogo. Ukiiunganisha moja kwa moja na pampu, mipira inaruka. Na jambo jingine: usiijaze mchana. Mirija mikavu iliyokaa juani saa sita, ndani yake kuna joto kali, maji ya baridi yakigusa kioo kinapasuka hapohapo. Jaza alfajiri, au ifunike na turubai tangu jana yake.

FUNDI UMEME: Na ielekee wapi?

FUNDI BOMBA: Arusha iko nyuzi tatu kusini ya ikweta, kwa mwaka mzima tofauti ya kaskazini na kusini si kubwa. Lakini miezi unayohitaji maji ya moto zaidi ni Juni, Julai na Agosti, na jua wakati huo liko kaskazini. Ielekeze kaskazini. Mwinamo uwe nyuzi 15 au zaidi, hata kama hesabu ya jua inasema ilale chini zaidi, kwa sababu maji ya moto yanapanda yenyewe kwenda tangini. Paneli ikilala sana yanasuasua, na vumbi linaganda juu ya kioo.

FUNDI UMEME: Uzito?

FUNDI BOMBA: Maji kilo 200, chuma na paneli na fremu yake kama kilo 100. Kilo 300 kwenye sehemu ndogo. Zikae juu ya kenchi, si juu ya bati na papi katikati ya kenchi na kenchi. Fundi seremala aangalie kwanza. Paipu za mita mbili za kwanza kutoka tangini ziwe za shaba. Ile PPR ya plastiki imeundwa kwa nyuzi 70 kwa miaka mingi, na sola siku ambayo hakuna aliyeoga inapita hapo kwa urahisi. PPR inalegea, inapinda kama tambi, kisha maungio yanavuja.

FUNDI UMEME: Sasa kaka naomba nikae kidogo kwenye koili, maana hapa ndipo ninaposikia mtu akisema sola haina faida. Matangi mengi ya sola yana koili ya umeme ya akiba, kwa kawaida kilowati 2. Mara nyingi inaunganishwa iwake saa 24, na themostati, kile kifaa cha kuizima joto likifika, imewekwa nyuzi 60. Fuata maji kwa siku moja. Saa 2 usiku familia inaoga, lita 80 zinatoka, lita 80 za baridi zinaingia. Koili inawaka palepale. Kuzitoa nyuzi 18 mpaka 60 ni uniti 3.9, kama saa mbili. Saa 4 usiku tangi zima ni la moto. Linapoa taratibu usiku kucha, koili inawaka tena kidogo kidogo. Jua linachomoza, linakuta maji yameshapashwa. Paneli ziko juani mchana kutwa na hazina kazi. Kwa ile 356, koili hiyo imekula karibu shilingi 1,400 usiku mmoja, karibu 42,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anaona sola imemdanganya.

FUNDI BOMBA: Na sola haina kosa lolote.

FUNDI UMEME: Haina. Weka taima kwenye ubao wa breka, ya kubeba angalau ampea 16, breka ya 16, waya wa 2.5, maana kilowati 2 ni ampea 9 tu. Ipange iwake saa 11 na nusu jioni mpaka saa 12 na nusu. Wakati huo jua limemaliza kazi yake. Kama siku ilikuwa nzuri, themostati inakuta nyuzi 60 na koili haiwaki kabisa. Kama ilikuwa ya mawingu, inaongeza pale palipopungua. Baada ya kuoga maji ya baridi yakae hivyo hivyo mpaka asubuhi, yanalisubiri jua. Wenye kuoga alfajiri wote, wao waoge maji ya jana, tangi lenye sponji nzuri ya kuzuia joto lisitoke linapoteza nyuzi chache tu usiku.

FUNDI BOMBA: Wengine wanashusha themostati mpaka 45 ili kubana umeme.

FUNDI UMEME: Hapana. Maji ya vuguvugu yaliyotulia yanazalisha bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Tangi lifike nyuzi 60 angalau mara moja kwa wiki. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo kwenye paipu ya kwenda bafuni weka vali ya kuchanganya iliyowekwa nyuzi 50. Jua kali linaweza kulifikisha tangi nyuzi 80, vali hiyo si ya anasa.

FUNDI BOMBA: Tukiwa kwenye vali. Lita 200 zikipashwa kutoka 18 mpaka 60 zinatanuka kama lita tatu. Kama kwenye njia ya maji baridi kuna vali ya kuzuia yasirudi, hizo lita tatu zinatokea kwenye vali ya usalama. Inadondosha mchana, ndiyo kazi yake. Nakuta imezibwa kwa plagi kwa sababu ilikuwa inalowesha bati. Tangi lililozibwa hivyo ni bomu. Ivutie paipu ya shaba mpaka nje, basi.

FUNDI UMEME: Na maji ya kisima?

FUNDI BOMBA: Hapo muulize muuzaji kuhusu fimbo ya madini ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi. Inaliwa na maji badala ya chuma cha tangi kuliwa. Mpya ni nene kama kidole gumba, laini. Baada ya mwaka ifungue uione: ikiwa imebaki kama gunzi lililopukuchuliwa na waya wa chuma unachungulia katikati, badilisha leo, kesho tangi linaanza kutoboka. Kama maji yana chokaa nyingi, nunua mfumo ambao maji ya kwenye paneli ni tofauti na ya kuoga, yanazunguka kwenye koti la nje ya tangi. La sivyo ukoko unaziba njia nyembamba za paneli. Na kwa wenzetu wa Meru: floraidi, ile madini ya kwenye maji inayoharibu meno ikizidi, haitoki kwa kuchemsha, kwa hiyo usichote maji ya chai kwenye tangi hili.

FUNDI UMEME: Wa ghorofani wasio na paa?

FUNDI BOMBA: Pampu joto. Inachota joto kwenye hewa, kwa uniti moja ya umeme inatoa tatu za joto au zaidi. Dar na Tanga hewa ni ya moto mwaka mzima, inafanya vizuri mno. Inataka nafasi yenye hewa, paipu ya kutolea maji ya jasho lake, na mapezi yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi karibu na bahari.

FUNDI UMEME: Kuna msikilizaji wa Moshi: tangi lake lina maji ya moto saa 12 jioni, asubuhi ni ya baridi kabisa, na koili ameizima.

FUNDI BOMBA: Apande saa 4 usiku, ashike paipu ya juu ya paneli. Ikiwa ya moto wakati jua halipo, maji yanazunguka kinyumenyume, paneli inatoa joto la tangi angani. Sababu yake ni tangi kukaa chini mno. Sakafu ya tangi iwe juu ya ukingo wa juu wa paneli, sentimita 30 ni salama. Asikubali kuongezewa sponji kwanza, haitasaidia. Wafungue boliti za fremu, wainue tangi.