Kufuata Maji: Namna ya Kuchagua Barabara ya Kutoka Nakuru hadi Ziwani na Kurudi

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika jioni hii hapa Nakuru, nawashukuru kwa mwaliko. Mmeniomba nieleze jinsi mtu mwenye gari lake na siku chache za likizo anavyoweza kuchagua barabara ya kuizunguka nchi ya magharibi, na mahali panapofaa kusimama njiani. Nina jambo moja tu la kulitetea mbele yenu: msichague barabara kwa kuhesabu vivutio vilivyomo, bali chagueni jambo moja la nchi yenyewe mnalotaka kulielewa, kisha mlifuate kwa gurudumu. Mimi hufuata maji, na nitawaonyesha yanakonipeleka.

Kwanza nieleze kilichonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilimchukua mama yangu mzazi, aliyekuwa hajapata kuliona Ziwa Viktoria, nikaandika vituo tisa vya siku moja kati ya Nakuru na Kisumu. Kila kituo nilikipa nusu saa, na kila kituo kikala saa nzima, kwa sababu mzee hashuki garini kama kijana, na mahali pazuri hapaachiki upesi. Jua lilizama tukiwa bado katika mashamba ya miwa, na tulipopita Ahero giza lilikuwa limeshatanda. Mama aliketi dirishani akitazama taa za malori. Asubuhi aliliona ziwa, lakini jua likitua juu ya maji, jambo alilolitaja njia nzima, hakuliona, na siku hiyohiyo tuliitwa nyumbani kwa msiba. Tangu hapo sipangi vituo zaidi ya vitatu kwa siku, na hesabu yangu ni ya saa, si ya kilomita. Sisi tunaoishi kwenye mstari wa ikweta tuna mchana wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, na machweo yetu ni mafupi: jua likishazama, nusu saa haiishi kabla giza halijafunga.

Sasa tuanze safari hapahapa tulipo. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, ndani ya Bonde la Ufa, na maji yake hayana pa kutokea. Mto Njoro unashuka kutoka misitu ya Mau, unaingia Ziwa Nakuru, na hapo safari yake inakoma. Maji yanapungua kwa kuvukizwa na jua, chumvi na magadi vinabaki. Ndiyo sababu mvua nyingi za miaka ya 2010 zilipolijaza ziwa hadi likafunika lango la zamani la hifadhi, maji yalizimuka, vijani vinavyoliwa na heroe vikapungua, na ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Atakayekwenda ziwani au akapanda ukingo wa kreta ya Menengai kabla ya safari, akiwa na picha hiyo akilini, atakuwa ameshaushika mwanzo wa hadithi yetu.

Siku ya kwanza tunapanda. Barabara ya Salgaa na Sachang'wan inajulikana na kila dereva aliyeko humu, na wengi wetu tunafahamu familia zilizofiwa pale. Moto wa lori la mafuta la Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, uliua zaidi ya watu 100. Malori yaliyobeba mizigo mizito huushuka mteremko ule yakija Nakuru, na breki zake huchemka. Ninapanga safari hii kwa namna ambayo sisi tunaupanda mteremko huo asubuhi na hatuushuki kabisa, kwani tutarudi kwa njia nyingine. Pale si mahali pa kusimama kupiga picha.

Tukifika Mau Summit, kwenye njia panda ya Kericho na Eldoret, tuko juu ya mita 2,500, na hapa ndipo ninapoomba gari lisimame mara ya kwanza, mahali salama nje ya lami. Hakuna bango wala mnara, na wasafiri wengi hupapita bila kugeuza shingo. Lakini nchi imegawanyika hapa: mvua inayoanguka upande wa mashariki inarudi katika maziwa yetu yasiyo na mlango, na inayoanguka upande wa magharibi inaingia katika vijito vya Mto Nyando, inafika Ziwa Viktoria, inapita Jinja, na kwa njia ya Mto Nile inaishia katika Bahari ya Mediterania. Abiria wangu wakishaelezwa hivyo, naona wanavyokitazama kila kijito tunachokivuka kuanzia hapo hadi Kisumu wakiuliza kinaelekea wapi.

Kituo cha pili ni Kericho. Sina haja ya kuwasifia chai, mnaijua. Nataka mjue kwa nini imekubali pale. Joto la mchana huinua mvuke kutoka ziwani, upepo unausukuma kuelekea mashariki, mvuke unakutana na ukuta wa nyanda za juu, unapanda, unapoa, na alasiri unaanguka kama mvua, mara nyingi pamoja na radi na mvua ya mawe. Kwa hiyo maji ya Nyando yanayoshuka ziwani yanarudi juu kwa njia ya mawingu, na majani ya chai huchumwa miezi yote ya mwaka. Jambo hili lina faida kwa dereva pia: apite Kericho kabla ya saa nane mchana, wakati mashamba yanang'aa na barabara ni kavu, kwani baada ya hapo ukungu na mvua huweza kumficha hata lori lililo mbele yake.

Kutoka Kapsoit tunateremka kupitia Kipsitet hadi Awasi, na hewa inabadilika dirishani. Chai inaisha, miwa inaanza, kisha mpunga wa Ahero. Uwanda wa Kano ni tambarare iliyotandikwa na udongo wa mito hiyohiyo tuliyoiona ikianza, na Nyando ikifurika, watu wa huku chini ndio wanaohama nyumba zao. Ninaposikia watu wakibishana kuhusu ukataji wa miti ya Mau, natamani kila mmoja wao aendeshe gari siku moja kutoka Mau Summit hadi Ahero.

Tufike Kisumu kabla ya saa kumi na moja jioni, tuelekee ufuko wa Dunga. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani tumeshuka zaidi ya mita 1,300 tangu kwenye njia panda. Agizeni ngege mapema, kwa sababu samaki mzuri hukaangwa akiwa ameagizwa, kisha mkae mkiutazama ghuba wa Winam upande wa magharibi. Hapo hapana cha kuharakisha.

Siku ya pili ni fupi kwa makusudi. Kutoka Kisumu barabara ya Kakamega inapanda Kiboswa, na atakayegeuka nyuma ataliona ziwa likiwa limelala chini yake. Tunavuka ikweta katika nchi ya Vihiga, na mbele, huko Ilesi, tunalikuta jiwe linalolia: mwamba mrefu kando ya barabara, wenye jiwe jingine kichwani, ambao maji huchuruzika usoni mwake. Nusu saa inatosha. Mchana wote uliobaki ni wa msitu wa Kakamega, masalia ya msitu wa mvua wa aina ya Kongo, ambao kwa Kenya hauna mwenzake. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Upande wa kusini ni Isecheno. Mimi hupendelea Isecheno, kwa kuwa naweza kulala karibu, nikaondoka kabla ya alfajiri na mwongozaji wa pale, na kupanda kilima cha Lirhanda wakati ukungu ungali umelala juu ya miti na mbega wameanza kuitana. Msiende bila mwongozaji. Wao wanaijua sauti ya kila ndege, na ada yao ni riziki inayoupa msitu sababu ya kubaki umesimama.

Siku ya tatu tunapitia Chavakali, Kaimosi na Kapsabet hadi Eldoret, ambako tunajaza mafuta, kukagua maji ya injini na kupima upepo wa magurudumu, pamoja na gurudumu la akiba. Muda si mrefu tunafika Iten, penye mwinuko wa mita 2,400, na hapo nchi inakatika ghafla. Nyuma yetu maji yanakwenda Mto Nzoia na Ziwa Viktoria. Mbele yetu, chini ya genge la Elgeyo, Mto Kerio unaelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Tufike alasiri, jua likiwa mgongoni, kwa maana ndipo sakafu ya bonde na milima ya Tugen ng'ambo yake huonekana wazi; asubuhi jua hupiga machoni na bonde hujaa utusitusi. Tulale hapo. Wakimbiaji hujaa barabarani alfajiri, basi tupunguze mwendo na tuwapishe.

Siku ya nne ndiyo inayohitaji dereva mtulivu. Mteremko wa Tambach una kona kali, na kanuni yake ni moja: ushuke kwa gia ndogo, uiache injini ilizuie gari, na mguu uguse breki kwa vipindi tu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali papana, upumzishe gari kwa muda wa kutosha kunywa chai, wala usimwage maji baridi kwenye magurudumu. Chini kuna joto na maembe, na kwenye korongo la Chebloch, Mto Kerio unapita katikati ya kuta za mawe chini ya daraja. Kisha tunapanda Kabarnet, tunashuka tena upande wa pili hadi Marigat, na tumerudi katika maji yasiyo na mlango: Baringo, ambalo ni ziwa la maji baridi kwa kuwa maji yake hupenya chini kwa chini, na Bogoria, lenye magadi, chemchemi za moto na heroe waliotuhama. Maziwa haya yamepanda sana, na yamemeza nyumba na barabara. Ulizeni Marigat ni njia ipi inayopitika kabla ya kuelekea kwenye chemchemi.

Nimeulizwa na mzee aliyeketi mbele kwa nini nimeacha miamba ya Kit Mikayi, mahali pa visukuku pa Fort Ternan, maporomoko ya Nabuyole na kisiwa cha Rusinga. Nimeviacha, mzee wangu, kwa sababu kila kimoja kinastahili safari yake, na nikikiongeza hapa nitalazimika kuinyima Kakamega asubuhi yake au Dunga jioni yake.

Kutoka Marigat hadi Nakuru ni karibu kilomita 100. Bango la ikweta liko Mogotio, na hapo tunavuka kurudi kusini. Mkiwa mnaukaribia mji, Menengai ikiwa imesimama upande wa kushoto, ziwa letu litaonekana mbele chini ya mji, nanyi mtakuwa na mwanga wa kutosha kuliangalia kama mlitoka Bogoria kabla ya saa tisa alasiri.