Anayejua Milango: Safari ya Andrew Wheeler

Mwenyekiti, ahsante. Nanyi mlioketi huko nyuma, sogeeni, viti vya mbele havina wenyewe.

Akitajwa mshawishi wa kampuni za nishati, yaani mtu anayelipwa kuwasukuma wenye mamlaka waamue kwa faida ya kampuni hizo, wengi wetu mawazo yanakimbilia kwenye bahasha ya kaki. Leo bahasha tuiweke pembeni. Andrew Wheeler wa Marekani alifanya kazi hiyo kwa njia iliyosajiliwa, na taarifa zake za robo mwaka yeyote anaweza kuzisoma. Kwangu mimi huyu ana mengi ya kutufundisha kuliko mla rushwa.

Ni mjukuu wa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1991 aliajiriwa EPA, shirika la serikali kuu linalolinda mazingira. Mwaka 1995 akahamia Bungeni kwa Seneta James Inhofe, yule ambaye miaka mingi baadaye aliingia na donge la theluji ukumbini kubeza habari za ongezeko la joto duniani. Wheeler akapanda hadi kuwa mtendaji mkuu wa watumishi wa kamati ya mazingira ya Seneti. Cheo hicho msikidharau. Mbele ya kamera anasimama seneta, lakini anayejua kifungu gani kimechomekwa wapi, na ofisa yupi wizarani akipigiwa simu atapokea, ni huyu wa nyuma.

Mwaka 2009 akaaga, akajiunga na kampuni ya mawakili kama mshawishi. Miongoni mwa wateja wake alikuwa Murray Energy, kampuni ya makaa ya mawe ya Robert Murray huko Ohio. Ujuzi uliogharamiwa na mlipakodi sasa ukawa na mnunuzi.

Tarehe 29 Machi 2017, Murray aliingia Wizara ya Nishati na orodha ya mambo anayotaka serikali ifanye. Wheeler alikuwepo mezani. Mpiga picha wa wizara alinasa kila kitu, hata Murray akimkumbatia Waziri Rick Perry. Picha zilipovuja, mpiga picha akapoteza kazi. Wheeler aliwaambia maseneta kwamba orodha ile hakushiriki kuiandaa, aliiona kwa muda mfupi tu. Mimi namwamini, na wala sioni kama inabadilisha kitu: mteja hakumlipa kwa ajili ya mwandiko.

Septemba hiyo hiyo Perry akapendekeza mitambo ya umeme yenye akiba ya fueli ya siku 90 ilipwe zaidi. Nani anaweza kurundika fueli ya siku 90 uani? Makaa ya mawe na nyuklia, gesi haiwezi. Lakini Januari 2018 tume inayosimamia soko la umeme ikalikataa pendekezo, wajumbe wote watano, wanne kati yao wakiwa wameteuliwa na Trump mwenyewe.

Aprili 2018 Wheeler akarudi EPA kama naibu. Julai mkuu wake, Scott Pruitt, akajiuzulu kwa kashfa za matumizi, naye akakaimu. Februari 2019 Seneti ikamthibitisha kwa kura 52 dhidi ya 47. Juni mwaka huo akasaini kanuni iliyochukua nafasi ya mpango wa Obama wa kupunguza hewa ukaa ya mitambo ya umeme, mpango ambao Murray alikuwa ameupigania ufe kwa miaka.

Miezi minne baadaye Murray Energy ikakimbilia mahakamani kuomba hifadhi ya mufilisi. Gesi ya bei chee ilikuwa imewanyang'anya wateja, na bei ya gesi haina ofisi Washington ya kubishiwa hodi. Kanuni yenyewe ilitupwa na mahakama ya rufaa tarehe 19 Januari 2021, siku moja kabla Trump hajaondoka.

Mwaka 2022 gavana wa Virginia alimteua Wheeler kuwa waziri wa maliasili wa jimbo. Maseneta wa jimbo wakamkataa. Gavana akampa ofisi mpya, ya kusimamia upunguzaji wa kanuni.

Karibuni kwa maswali.