Pikapu Inakataa Saa Ngapi?

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, hamjambo. Nimepewa saa nzima, lakini wingu la huko Ngong mnaliona, na nusu yenu mmekuja na magari yasiyopenda mvua. Nitafupisha.

Masika yakishika, wateja hunijia na sentensi moja: "Fundi, petroli ina maji." Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi si kweli. Mimi kabla sijafungua boneti humuuliza mwenyewe: inakataa saa ngapi? Inakataa asubuhi ikiwa baridi? Inakataa ikinyesha tu? Baada ya kuoshwa? Ikipanda mlima kwenye ukungu? Baada ya kuweka mafuta? Maana maji huingia kwenye injini kuukuu kupitia milango mingi, na kila mlango una saa yake.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndipo matatizo mengi yalipo. Nazungumzia pikapu za petroli za zamani, zenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na distributa, inayogawa umeme kwa kila silinda. Betri inatoa volti 12. Koili inazipandisha hadi volti elfu kumi na tano, elfu ishirini, hata zaidi. Umeme wa nguvu hiyo hautaki kuruka pengo la plagi, inayotoa cheche ndani ya silinda, ikiwa kuna njia rahisi ya kufika kwenye chuma cha gari. Sasa chukua vumbi la Nairobi, lichanganye na oili kidogo juu ya waya za plagi, halafu lirushie maji ya dimbwi la Jogoo Road. Hapo umeujengea umeme barabara. Injini inakohoa, inavuta na silinda tatu au mbili, au haiwaki kabisa.

Kifungue kifuniko cha distributa, ukigeuze, ukitazame ndani kwenye mwanga wa jua. Ukiona mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli kali, umejipinda kama mzizi kutoka ncha moja hadi nyingine, hiyo ni kaboni. Cheche zimepita hapo mara nyingi mpaka plastiki ikaungua. Najua mtaipiga msasa, nami nimewahi kuipiga msasa. Itakupa siku chache, kisha mvua inayofuata utasukuma. Nunua kifuniko kipya, na rota yake, kile kipande kinachozunguka ndani.

Waya nazo zina kipimo kisicho na gharama. Ngoja giza liingie, washa injini, kisha unyunyize maji kidogo kwa ile chupa ya saluni ya kulowesha nywele. Waya mbovu zitajionyesha: utaona cheche za buluu zikitambaa na kurukia chuma. Mikono iwe mbali na waya, na leso isiwe shingoni, feni inazunguka hapo.

Kuna wanaobeba mkebe wa WD-40 kama dawa ya kila kitu. Herufi zile mbili zinahusu kazi ya kusukuma maji, na ilitengenezwa Marekani mwaka 1953. Inasaidia kweli waya zikilowa. Lakini haizibi ufa.

Niwaambie aibu yangu. Nilikuwa na pikapu ya Peugeot 504, ya petroli. Wanaoijua wanajua plagi zake hazikai nje. Zimezama ndani ya mashimo marefu, na kila waya hushuka kwa kijiti kirefu cha plastiki ngumu. Julai moja ikaanza kukosa silinda. Nikasafisha kabureta. Nikabadilisha filta, kondensa, na pointi. Pesa za ada zinakwisha, na gari bado linatikisika kama mtu mwenye homa. Mzee mmoja pale Grogan, ambapo ramani siku hizi zinaandika Kirinyaga Road, akasimama akanisikiliza, wala hakuinama. Akauliza: "Umeiosha lini?"

Nilikuwa nimeiosha Jumamosi. Kijana alifungua boneti na kupiga injini kwa mpira wa presha, nami nikamwongezea hela kwa bidii yake. Mzee akakivuta kijiti cha silinda ya tatu polepole. Kilitoka kimelowa, na nyuma yake tukaona maji ya kutu yakimetameta chini ya shimo, karibu ujazo wa kizibo cha soda. Tukafunga kitambaa kwenye bisibisi, tukayanyonya, tukakausha. Injini ikawaka na silinda zote nne. Vile vipuri vipya nilivyonunua, ninavyo vingine mpaka leo.

Petroli yenye maji nayo ipo. Lita ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi, ya maji ni kilo moja, kwa hivyo maji hulala chini ya tangi, palepale bomba linapovutia. Mnalaumu umande wa usiku kwenye tangi tupu. Umo, lakini ni kidogo. Mimi nimekuta mengi zaidi yakiingia kwa sababu kifuniko cha tangi kilipotea mwaka juzi na mahali pake pamezibwa kitambaa! Kupima ni rahisi: toa mafuta ya bakuli la kabureta kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji yataonekana chini, yakibingirika kama shanga. Na sigara iwe mbali.

Sasa, ugonjwa unaowafanya watu wafikirie uchawi. Pikapu inatoka mjini vizuri, inapanda kuelekea Limuru asubuhi ya Julai, ukungu umetanda, kisha inazimika. Unafungua kabureta, ni safi. Unasubiri dakika kumi, inawaka kama haikuwa na neno. Ni barafu, jamani. Petroli ikigeuka mvuke hula joto, na koo la kabureta linaweza kushuka chini ya sufuri hata kama nje kuna nyuzi kumi. Unyevu wa hewa huganda pale na kuziba njia. Ukisimama, joto la injini huiyeyusha, na ushahidi umekwenda. Kwenye magari mengi kulikuwa na bomba la kuleta hewa ya moto kutoka ekzosti hadi kwenye filta ya hewa. Fundi fulani alilitupa kwa sababu "halina kazi". Lirudishe.

Na ule uji mweupe chini ya kifuniko cha oili? Msikimbilie kufungua hedi, kichwa cha injini, mkidhani maji ya redieta yamevuja ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na sehemu ndogo hupenya hadi kwenye oili. Pikapu inayotoka Eastleigh hadi Gikomba na kurudi haipati joto la kutosha kuyakausha. Ukipangusa uji huo, na maji ya redieta hayapungui, iendeshe hadi Thika na kurudi, kisha utazame tena. Lakini oili yenyewe kwenye kijiti cha kupimia ikiwa kama chai ya maziwa, usiiwashe hata mara moja. Hapo gasketi inayoziba kati ya hedi na injini imekwenda, au hedi ina ufa.

Mzee wa kule nyuma anauliza dizeli. Dizeli haina cheche, kwa hivyo hayo ya waya hayakuhusu. Shida yako ni pampu: hulainishwa na dizeli yenyewe, na maji hayalainishi kitu, yanaleta kutu. Chini ya filta yako kuna skrubu ya kumwagia maji. Ifungue asubuhi kabla ya kuwasha, uweke kopo chini, umwage mpaka itoke dizeli tupu. Ikiwa imeshika kutu na haifunguki, basi jibu umeshalipata.