Kadi Iliyoungua na Paneli za Zahanati: Kukadiria Mionzi ya Jua Pasipo na Piranomita

Mabibi na mabwana, tuingie kazini. Vituo vingi vya hali ya hewa havina piranomita, chombo kinachopima mionzi yenyewe. Vina vipimajoto, na vingine vina tufe la kioo lenye kadi nyuma yake. Hivyo vinatosha kupangia umeme wa jua, ila mkokotoaji ajue makosa yanajificha wapi.

Tuanze na kadi, maana ikisomwa vibaya hakuna kanuni itakayoiokoa. Tufe lina upana wa sentimita 10 hivi. Hukusanya miale na kuunguza mstari kwenye kadi kadiri jua linavyosogea. Jua hafifu la alfajiri na la magharibi haliandiki kitu. Kadi iliyoloa umande nayo huchelewa kuungua. Lakini balaa lenyewe ni siku ya mawingu ya kupita: jua likichungulia kidogo tu hutoboa kitundu kipana kuliko muda wake. Ukivipima vitundu hivyo kwa rula na kuvijumlisha, umejitungia jua ambalo halikuwaka. Utaratibu ni huu: vitundu 2 au 3 ni saa 0.1, na 4 hadi 6 ni saa 0.2.

Sasa kanuni ya Ångström na Prescott: H = H₀ × (a + b × n/N). H ni mionzi inayofika ardhini kwa siku, H₀ ni ile inayofika juu ya angahewa, n ni saa za jua zilizosomwa kwenye kadi, N ni urefu wa mchana kwa saa, na a na b ni namba zinazotegemea hewa ya mahali. Pasipo na vipimo vya karibu, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inashauri a iwe 0.25 na b iwe 0.50. Kama kuna kituo jirani chenye piranomita, tafuta a na b zako kwa data zake. Hizo za jumla ni za kuazima tu.

Chukua Dodoma, latitudo 6.17 kusini, tarehe 15 Julai. Latitudo na tarehe ndizo zinazotoa N na H₀: N ni saa 11.7, H₀ ni megajuli 31.4 kwa mita ya mraba. Tuseme kadi imetoa saa 9. Uwiano ni 0.77, mabano yanatoa 0.635, H inakuwa megajuli 19.9. Gawa kwa 3.6, maana kilowati-saa moja ni megajuli 3.6, unapata kilowati-saa 5.5 kwa mita ya mraba kwa siku.

Hapo wengi huteleza kwenye alama moja. Latitudo ya kusini huandikwa hasi. Ukiisahau alama hiyo, kompyuta haitalalamika: itakupa N ya 12.3, H₀ ya 35.9, na jibu la kilowati-saa 6.1. Jibu linapendeza, na ndiyo maana halishtui mtu. Zahanati inayotumia kilowati-saa 6 kwa siku, mfumo ukifikisha asilimia 70 baada ya joto, vumbi, betri na inverta, inahitaji paneli za wati 1,560, yaani 6 gawa kwa 0.7, kisha gawa kwa 5.5. Kwa jibu la uongo utanunua za 1,400, na friji ya chanjo ndiyo itakayoanza kulalamika.

Kadi zikikosekana kabisa, tumia joto: H = k × √(Tmax − Tmin) × H₀, ambapo Tmax na Tmin ni joto la juu na la chini la siku, na k ni namba ya mahali. Mawingu hufanya kazi ya blanketi, hupunguza joto la mchana na kuzuia baridi ya usiku, hivyo tofauti ndogo huashiria jua dogo. Kwa nyuzi 27 na 14, k ya bara ikiwa 0.16, Dodoma ileile inatoa kilowati-saa 5.0. Pwani tumia 0.19, kwa kuwa bahari hubana tofauti hiyo hata mbingu zikiwa safi. Ukipeleka k ya bara Tanga, utapunguza mionzi kwa asilimia 16. Mimi ningeitumia njia hii kwa wastani wa mwezi tu, si wa siku moja moja.

Kokotoa miezi yote 12, kisha panga paneli kwa mwezi wenye H ndogo zaidi ikilinganishwa na matumizi yake. Wastani wa mwaka uachie ripoti. Na H hii ni ya uso uliolala; paneli iliyoinamishwa kuelekea kaskazini itapata zaidi Julai na pungufu Desemba, kwa hiyo badilisha H ya kila mwezi kufuata mwinamo kabla hujachagua mwezi huo.