Damu iko sawa, ghala limekauka

Jamani naanza na lile lile ninalolisema kila nikipewa maiki: mzee akipimwa madini ya magnesiamu kwenye damu, majibu yakarudi "iko sawa", msifunge faili. Mtu mzima ana kama gramu 25 mwili mzima, zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, inayobaki karibu yote imo ndani ya misuli na viungo vingine, kwenye majimaji ya damu haifiki hata asilimia 1. Ikipungua kwenye damu mwili unachota mfupani, kwahiyo kipimo kinasoma vizuri huku ghala linakauka.

Kuna mama mmoja nilimtibu, miaka 70 na kitu, ana presha, anameza vidonge vya kukojosha miaka na miaka, juu yake dawa ya asidi tumboni, aliandikiwa ya wiki chache hakuna aliyemwambia aache. Kaletwa amelegea, kope inachezacheza, moyo unaruka mapigo. Potasiamu, madini mengine hayo, iko chini. Tukamtundikia dripu ikapanda, siku ya tatu imeshuka, tukarudia, ikashuka tena. Mwanawe akaniuliza, "Daktari, hii dawa inaenda wapi?" Hilo ndo swali sisi tulipaswa kujiuliza siku ya kwanza! Ilikuwa inaenda kwenye mkojo, maana magnesiamu ikikosekana figo inashindwa kufunga vile vitundu inavyopitishia potasiamu, yaani tulikuwa tunajaza maji kwenye pakacha. Kuipima magnesiamu ikawa chini mno, tukampa, tukamsimamishia ile dawa ya asidi, potasiamu ikatulia.

Na huyo angalau damu yake ilionyesha, wengi haionyeshi mpaka wamefika mbali.

Kuna watakaoniambia mtu akila vizuri inatosha. Kwa kijana sawa. Uzeeni utumbo unanyonya kidogo, figo inamwaga zaidi, hamu ya kula nayo imepungua, alafu ongeza hizo dawa. Mwaka 2011 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitahadharisha kuhusu dawa za asidi za jamii ya omeprazoli, hasa zikitumika zaidi ya mwaka, na kwenye kama robo ya visa walivyopitia kumpa mtu magnesiamu peke yake hakukusaidia, ikabidi dawa yenyewe iachwe. Mwaka 2011! Bado watu wanajazia tu cheti kile kile.

Ila msikimbilie vidonge vya magnesiamu. Mwenye figo mbovu haitoi, inajaa mwilini, inaweza kusimamisha pumzi na moyo. Na mkakamao wa misuli usiku kwa wazee, tafiti hazijaonyesha kwamba vidonge hivyo vinasaidia, najua hampendi kusikia. Chakula kwanza: mbegu, kunde za kila aina, mboga za kijani, nafaka isiyokobolewa, mwanaume miligramu 420 kwa siku, mwanamke 320.

Kisukari na mifupa nilitaka kuvigusa lakini naonyeshwa saa. Mkienda kliniki na mzazi bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, mzimwage mezani, muulize moja moja hii alianza lini na anaacha lini. Haya, maswali.