Mbona sionyeshi Moscow? Naishi Rybinsk, nawajibu leo

Haya jamani, mambo vipi. Nimekaa hapa kando ya mto Volga nijibu lile swali maana limenichosha, "dada uko Urusi gani hiyo mbona hatuoni Moscow?" Nikionyesha mtasema naringa, nikikaa kimya mtasema maisha yamenishinda. Mimi naishi Rybinsk, mji mdogo tu kaskazini ya Moscow, pale mto Sheksna unapoingia Volga.

Hili jengo zuri nyuma yangu ni soko la nafaka la 1912. Zamani vyombo vikubwa vya ngano kutoka kusini vilikuwa vinaishia hapa, huko mbele maji ni mafupi, basi mzigo unahamishiwa vyombo vidogo ndo unapanda mpaka St. Petersburg. Na kabla ya meli za mvuke vyombo hivyo vilivutwa na watu! Wanaitwa burlaki, mkanda kifuani, kamba nyuma, wanatembea ukingoni siku nzima. Wana sanamu yao hapa mjini na mimi nikipita lazima nisimame, baba yangu alikuwa hamali bandarini Tanga, najua bega la mtu wa mzigo likoje.

Halafu 1941 wakaziba mto kwa ajili ya umeme, bwawa likajaa mpaka mji jirani wa Mologa ukazama wote, watu kama 130,000 wa mji huo na vijiji vyake wakahamishwa. Kuna makumbusho yake hapa. Maji yakipungua sana misingi ya nyumba inaonekana, inaniuma kwa kweli.

Na mji wenyewe, 1946 wakauita Shcherbakov, 1957 ukarudi Rybinsk, 1984 ukawa Andropov, 1989 Rybinsk tena. Bibi mwenye nyumba wangu kazaliwa Shcherbakov, kasoma Rybinsk, kafanya kazi Andropov, na hajawahi kuhama mtaa. Yeye ndo alinielewa mimi nilipolia, maana Kirusi hakina H kama yetu, mimi Halima kwenye tafsiri ya pasipoti nimeandikwa Khalima, kwenye karatasi ya usajili wa makazi Galima, kwa hiyo benki wakaniambia hao ni watu wawili. Nikalipa mtafsiri upya, nikalipa muhuri wa notari upya, foleni toka asubuhi, nafika dirishani naambiwa rudi Alhamisi. Hela ya kodi ya nyumba ikaishia hapo.

Na nyie ndugu zangu mnaosema nimewasahau, toka 2022 kadi za benki za huku za Visa na Mastercard hazifanyi kazi nje, kutuma hela nyumbani ni mpaka upate mtu wa kumuamini, na mimi nishadhulumiwa mara moja, mama akakaa mwezi mzima bila dawa. Hilo sijawahi kulisema.

Sasa usije ukasema Halima kasema usiende Urusi, au kasema nenda. Hayo ni yangu, mwenzangu yuko hapahapa karatasi zake zilitoka wiki moja. Ila kama jina lako lina H, kabla hujalipa mwambie mtafsiri aandike herufi ileile kila karatasi, na usimame hapohapo usome.

Alhamisi narudi dirishani.