Kupanga mlo wa ng'ombe wa maziwa kwa kompyuta: mhadhara kwa wafugaji wa Tanga

Mama zangu, baba zangu, wafugaji wenzangu wa Tanga na mliotoka Muheza na Pangani, asanteni kwa kuziacha kazi za zizini mkaja kunisikiliza. Nimeombwa niseme juu ya programu za kupanga chakula cha ng'ombe, nami nitaanza na ng'ombe mwenyewe.

Chukueni chotara wa kilo 400 anayetoa lita 10 kwa siku. Kuishi tu kunamgharimu nishati ya takriban megajuli 45, na kila lita ya maziwa inataka kama 5. Jumla ni 95. Tumemkatia mabingobingo mabichi kilo 40. Toeni maji, kinachobaki, yaani chakula kikavu, ni kama kilo 7, nazo zinampa megajuli 56 hivi. Tukiongeza kilo 4 za pumba za mahindi tunapata 38 au 39. Nishati imetimia. Wengi wetu tunaishia hapo, halafu tunashangaa lita 10 hazionekani.

Kilichopungua ni protini. Huyu anahitaji kama gramu 1,200 kwa siku. Majani yamempa 560, pumba 385. Pengo linapita gramu 250, na kilo moja ya mashudu mazuri ya alizeti inaweza kulijaza. Lakini ukiyamimina juu ya pumba zote umelipia nishati ya ziada. Ukipunguza pumba, protini nayo inashuka kidogo. Ukigusa kimoja, vyote vinasogea. Tieni sasa mashudu ya nazi, majani ya mti wa lukina, chokaa, chumvi, na bei zinazobadilika kila mwezi. Kwa kalamu utakesha.

Njia ya kuifumbua hesabu ya namna hii aliibuni mwanahisabati George Dantzig, Marekani, mwaka 1947. Leo imo hata ndani ya Excel, programu ya majedwali ya kompyuta, kwa jina la Solver. Unaingiza vyakula unavyovipata, virutubisho vyake, bei, na mahitaji ya ng'ombe. Yenyewe inatafuta mchanganyiko wa gharama ndogo kabisa.

Nasisitiza: inatafuta gharama ndogo. Usipoiwekea mipaka, na lukina unaikata bure kwenye ua, itakujazia lukina. Majani yale yana sumu iitwayo mimosini, kwa hiyo iandikie isizidi theluthi ya chakula kikavu. Iandikie pia majani na nyasi visipungue nusu. Pumba zikizidi sana tumbo linachachuka, na mafuta ya maziwa yanashuka.

Halafu kuna takwimu unazoilisha. Jedwali la kitabu halijaona shamba lako. Masika mabingobingo yamejaa maji. Kilo 40 zilezile zinaweza kubaki na kilo 6 tu za chakula kikavu. Pima mwenyewe: katakata kilo moja, tandaza juani, pima kila siku mpaka mizani isishuke tena. Debe la pumba nalo litie kwenye mizani, maana pumba laini na pumba za makapi hazilingani uzito. Mashudu yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana protini pungufu kuliko ya mbegu zilizobanguliwa, hata muuzaji akiyaita kwa jina moja. Muulizeni. Na uzito wa ng'ombe msiukisie kwa macho. Upo utepe wa kuzungusha kifuani unaosomeka kwa kilo.

Jibu likitoka, msilimwage horini siku hiyohiyo. Vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani vinahitaji muda kuzoea, basi badilisheni kidogo kidogo kwa wiki mbili. Andikeni maziwa ya asubuhi na ya jioni. Lita zisipopanda, rudini kwenye jedwali, na cha kwanza kukipima upya kiwe yale majani.